Unene wa Karatasi

Ilvi alitangulia kuingia,
kama alivyotangulia kuzaliwa,
dakika kumi na moja mbele yangu.
Muuguzi alimvua pini, hereni,
na ufunguo anaouvaa shingoni
wasije wakauchukua wale wa ukutani.
Nikaushika mimi. Ulikuwa bado na joto lake.

Mashine iligonga, ikagonga,
kama fundi bomba mwenye deni.
Alipotoka alikuwa anacheka:
"Leo wamenyamaza. Wamezidiwa kelele."
Kisha zamu yangu. Nikalala palepale alipolala.

Sasa Daktari Kaupo ametandaza picha mbili kiooni,
vichwa vilivyopasuliwa kama kokwa za jozi,
havina majina.
Tartu nzima husema tumefanana
kama shilingi kwa ya pili.
Nikanyoosha kidole: huyu ndiye mimi.
"La," akasema. "Huyo ni dada yako."

Akaeleza polepole, kalamu haigusi kioo:
hapa katikati ni vyumba vya maji, kila mtu anavyo,
vya Ilvi vimepanuka.
Na hapa, juu ya sikio, gamba la kijivu limekonda.
Kiasi gani?
Akapapasa mezani, akainua karatasi moja tupu.
Hivi. Unene huu.
Tena si kwa kila mgonjwa; na wapo wenye vyumba vipana
wanaolala usingizi, wanaolipa kodi,
hawajapata kuitwa na mtu asiyekuwepo.

Mimi ni mwokaji. Naujua uzito wa chumvi kwa vidole.
Lakini karatasi!
Karatasi ndiyo ile miaka tisa?
Ndiyo redio iliyofunikwa sufuria,
ndiyo Mama kukaa ngazini na koti lake
akingoja mlango ufunguliwe
mpaka theluji ya viatuni ikawa dimbwi?
Nilitaka shimo.
Nilitaka ufa ninaoweza kuutukana.

Ilvi akasogea, akajitazama kwa muda mrefu.
"Kumbe nina maji mengi kukushinda," akasema.
"Ndiyo maana wewe unazama, mimi naelea."
Daktari hakujua acheke au aandike.

Nje, darajani, aliudai ufunguo.
Nyumba yake ilishavunjwa, pamejengwa duka la miwani.
Nikamvisha. Ulikuwa umepoa.
Akauliza kama mkate mweusi bado upo,
ule uliopasuka juu, usiouzika.
Nikasema upo.