Mbawa za Mtumba

Moja ilishuka na treni, imo kashani,
mbawa zimekunjwa kama kanga za akiba.
Mwenye nayo anataka asali ya misimu mitatu,
mizinga yangu yote ya Sikonge.
Ya pili iko Ipuli, kwa Nkwabi: nusu bei,
nyekundu, inang'aa
kama shavu lililopakwa mafuta kuficha ukurutu.

Nikaivua turubai.
Nikabonyeza kitambaa cha bawa kwa kidole gumba,
kidole kikatokea upande wa pili.
Boliti mbili zina kutu shingoni.
Daftari la injini, kurasa za mwaka juzi zimenyofolewa.
"Inaruka," anasema Nkwabi.
Hata kuku huruka.

Mimi siendi popote.
Nataka Jumapili moja, kabla upepo haujaamka,
nilione bwawa la Igombe lote kwa mara moja,
na miyombo ikichipua nyekundu, mvua bado.

Nzela hakuuliza bei. Aliuliza:
"Ikizimika?"
Nikamwambia ile ya kashani hushuka taratibu,
unachagua shamba la tumbaku lililokwisha vunwa,
unatua kwa mwendo wa pikipiki.
"Na ya Nkwabi?"
Nikatazama ungo wake. Akaendelea kupeta.

Rahisi ghali, husema watu waliosimama chini.
Huko juu hakuna kukopa,
deni hulipwa papo hapo, kwa mifupa.

Nimehesabu tena: nimepungukiwa madebe manane.
Basi kasha lilale stesheni msimu mmoja zaidi.
Nyuki wangu, kazi kwenu,
nyinyi ambao mbawa hamkuzinunua.