Usisahau Siagi

Alileta karatasi ndani ya bahasha ya bili ya umeme,
bili ya mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa.
Ngaire Paewai, miaka hamsini na minane,
anaolewa Jumamosi na fundi wa mabasi.
"Msiandike hongera," alisema. "Wala majina,
majina yetu tunayajua. Andikeni hii."
Akaiweka kaunta kwa vidole viwili,
kama mtu anayetua yai.

Orodha ya dukani. Mwandiko wa mama yake.
Betri mbili. Mkate. Viberiti.
Na chini, peke yake, imepigiwa mstari:
usisahau siagi.

Morag Tulloch hakucheka. Mimi nilicheka,
nikakanyagwa mguu.

Dunedin, mwezi wa saba: baridi inaupanda mtaa wetu
kama mfanyakazi aliyechelewa,
vioo vya duka vinatoka jasho,
na fondanti ukiiacha wazi dakika kumi
inaota ngozi.
Keki inataka haraka. Herufi hazitaki.

Nikapewa karatasi ya mafuta na penseli ngumu.
"Fuata," alisema Morag, "usiandike.
Ukiandika, utajiandika wewe."
Nikafuata. U ya kwanza ilikuwa na tumbo.
S mbili, moja imemwinamia mwenzake.
Na g ya siagi iliteremka, ikatetemeka,
ikavuka mstari
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akikitafuta kidato cha mwisho kwa mguu.

Nikainyoosha. Kidogo tu. Nani angejua?

Morag alijua kabla sijainua penseli.
"Hapo alikuwa amechoka," akasema.
"Au mkono ulishaanza kuugua.
Au mtoto alimvuta sketi. Hujui.
Basi usimponye."

Nikafuta, nikarudia.
Kutetemeka kwa makusudi
ni kugumu kuliko kunyoosha.

Kisha pini. Karatasi juu ya keki,
pumzi umeibana, unadunga
nukta, nukta, nukta, juu ya penseli,
si kwa kina, kiasi cha kuuamsha weupe.
Ukiiondoa karatasi, huoni kitu.
Inamisha kichwa, tafuta mwanga wa pembeni,
ndipo utaziona: nyayo za mdudu
aliyepita usiku akijua anakokwenda.

Aisingi ya buluu tuliikoroga mara tatu
hadi ikafanana na wino wa kalamu ya bei poa.
Ncha namba moja. Mkono wangu wa kulia
ukashikwa na wa kushoto.
Nilipofika kwenye g
sikuhitaji kujitetemesha.

Jumamosi, ukumbi wa klabu ya raga.
Wageni walisoma, wakacheka,
bwana harusi akauliza kama siagi ni yeye.
Kaka wa bibi harusi, Tamihana, pande la mtu,
alisoma mara mbili, akavua kofia.
"Nilitumwa mimi," akasema. "Na nilisahau.
Nilirudi na betri."
Hakuna aliyejua acheke au anyamaze,
mpaka Ngaire akacheka, akiwa amemshika sikio
kama mtu anayemrudisha dukani.

Kisu kilipita pale kinapopita kisu.
Mtoto mmoja alipewa usi, akaila kwa mikupuo miwili.
Kwenye ubao ikabaki sahau,
buluu, safi, kama amri.
Nilitaka kusogea niseme kitu.
Mama mmoja akaja na sahani.

Karatasi iko kwenye droo ya tatu,
chini ya namba za umri na njiwa wa ubatizo.
Penseli imefifia. Matundu hayafifii.
Jumatatu niliiinua dirishani, jua la baridi likapenya
nukta kwa nukta, neno zima, na usi yake,
ila limeandikwa kinyume.

Nikaigeuza.