Neno Lililobaki Ulimini

Mahakama ya Mombasa, chumba cha nne.
Feni ina panga moja lililopinda, linakwaruza kila likizunguka.
Hakimu anasoma hukumu kwa Kiingereza
nami namfuata nyuma kwa sentensi moja,
kama mchukuzi wa Kilindini: beba, teremsha,
usiulize mna nini ndani.

Kizimbani ni Setonji, mpishi wa meli, mtu wa Kotonu.
Nyama nzuri aliiuza Changamwe kwa magendo,
iliyooza akaitia pilipili manga, akawapakulia wenzake.
Saba waliugua. Wa nane,
Athumani Kombo, kijana wa Majengo,
hakurudi kutoka wodini.

Hakimu akasema: wicked.
Akalitua taratibu, kama kisu juu ya meza.
Nikafungua mdomo, likatoka méchant,
na papo hapo nikaliona lilipo siku zote:
kwenye geti la nyumba moja Nyali,
kibao cha bati, picha ya mbwa, meno nje.
Tena Madamu Solange aliyenifundisha Kifaransa
alilitumia kwa mwanawe akimwaga maziwa.
Sasa huyu ni mbwa, au ni mtoto wa maziwa?
Hakimu hangoji. Ameshageuza ukurasa.

Akasema: evil.
Hapo Kifaransa kinanipa mal,
nami nikalichukua, maana sina jingine.
Mal ndio uovu.
Mal hilohilo ndilo unalompelekea daktari wa meno
umeshika shavu, hujalala siku mbili.
Nilipolitamka, Setonji aliinua mkono,
akauweka ubavuni, upande wa kushoto,
akatikisa kichwa kuitikia,
kana kwamba nimemuuliza panapouma.

Karani hakuliandika hilo.
Fomu yake haina mahali pa mkono wa mtu.

Nilimkumbuka mama, nyumba ya Kuze,
mwanamke ambaye sikupata kumsikia akitukana.
Jirani alipokula pesa za chama cha maziko
alitwaa ungo wake, akaendelea kuchagua mchele, akasema:
Yule hana haya.
Basi. Chuya moja, nyingine.
Hana haya, hana soni, hana utu.
Kwetu kumlaumu mtu ni kumfungulia kabati
na kumwonyesha rafu iliyo tupu.
Mfaransa akikosea, lugha yake husema *ana* kosa,
analo, kama funguo mfukoni, anaweza kulitoa.
Hakimu wangu hana muda wa kabati wala mfuko.
Kwake mtu *ni*.
Miaka kumi na moja nasimama baina ya *ni* na *ana*
na kwa siri, chini ya ulimi, nafikiri kwa *hana*.

Miaka sita. Tarakimu hazinisumbui.
Sita ni sita Kotonu, ni sita Shimo la Tewa.

Watu walipoinuka, dada wa marehemu, Mejumaa,
akaja mbele mpaka askari akamzuia kwa kiwiko.
Hakulia. Alimtazama Setonji
kama mtu anayesoma bei.
Huyu si mtu, alisema.

Setonji akanigeukia. Kwa Kifaransa chake cha jikoni:
Mama huyu anasemaje?

Na asubuhi nzima, wallahi, nilikuwa nikipapasa,
kila neno nililompa lilikuwa kiatu cha mwingine.
Hili moja likaja lenyewe, limekata sawasawa,
halikupwaya, halikubana,
maneno matatu kwa maneno yake.
Kazi yangu ni ya benchi tu. Ya umma si yangu.
Ndiyo kanuni, nami niliishukuru.

Nikamwambia: Ni dada yake.

Akaitikia tena, mkono bado uko ubavuni.

Nilitia saini ya nusu siku, nikatoka kwenye jua.
Kwa muuza kashata nilinunua mbili za nazi,
nikatafuna njia nzima hadi Baksitoni.
Sukari iliyeyuka.
Lile jingine bado.