Shela hadi Shela

Twahiri wa duka aliutundika mfuko wangu kwenye ndoano ya mizani,
pale anapopimia vitunguu.
Kilo saba na robo, akasema, pamoja na mchanga.
Mchanga gani, nami sijatoka hata mlangoni?
Akacheka. Utauona.

Nilikuwa nimefungasha kama bibi harusi:
viatu jozi mbili, tochi, nguo za siku nne,
unga wa uji, mwavuli, dawa ya mbu,
na chupa ya chai ya mama, nyekundu, yenye jogoo ubavuni.
Nadhiri sikuipima. Haikuwa na pa kutundikwa.

Nadhiri yenyewe ni yake.
Nilipokuwa na miaka tisa, homa imenipanda kichwani,
aliinua mikono: huyu akiinuka
nitakwenda kwa miguu, toka Shela hii ya Malindi
hadi Shela ya Lamu alikozaliwa mama yangu,
nisali rakaa mbili, nirudi.
Nikainuka. Yeye kila Mfungo Sita akasema mwakani:
mwaka wa goti, mwaka wa kodi, mwaka wa harusi ya Bwanadi.
Deni la Mungu halina mdai wa kugonga mlango,
ndiyo maana linakaa.
Mwaka jana tukamzika.

Tulikuwa kumi na mmoja. Sabaki tuliivuka alfajiri,
na kufika Mambrui mabega yangu yalikwisha kugoma.
Binti Famau, safari yake ya tatu,
alikuwa na kanga moja na kifuko cha ukili chenye kifuniko.
Kanga hii, alisema, ni shuka, ni taulo,
ni mlango wa bafu pasipo bafu.
Akautazama mzigo wangu kama mtu anayetazama mgonjwa.
"Tua, mwanangu. Ndia ni ndefu."

Nikatua.
Viatu vya pili Mambrui, kwa msichana aliyetuchotea maji
(vilimpwaya; akakimbia navyo hivyo hivyo).
Mwavuli Gongoni, penye mashamba ya chumvi,
ambako jua hupiga kutoka juu na kutoka chini
na mwavuli huzuia nusu tu.
Unga tuliunywa. Tochi ilijifia.
Garsen nilikuwa natembea kama mtu aliyelipwa.
Ila chupa. Haikuwa na chai tangu Marereni,
jogoo kachubuka mkia,
nami nimeikumbatia kama mtoto wa kuazima.

Binti Famau hakusema neno.
Lakini Witu, usiku, akaenda kutawadha, akaniambia nimshikie.
Kifuko kile cha ukili kilinivuta mkono chini.
Mzigo wa mwenzio, husema, ni kanda la usufi.
Huu haukuwa usufi.
Aliporudi alinisoma uso, akafungua mwenyewe:
kufuli la chuma, kubwa kama kobe mchanga, na ufunguo wake,
la nyumba ya Langoni iliyouzwa na nduguze yeye akiwa edani.
"Ya kwanda nalikuya nalo nilitupe. Na ya pili."
Akafunga kifuniko.
"Hini ni ya tatu."
Tukacheka hadi wenzetu wakatukemea tulale.

Mokowe miguu iliona haya kupakiwa botini
kama magunia, baada ya siku tisa za kiburi.
Gatini Binti Famau aliingia vichochoroni, upande wa Langoni,
bila kuaga; nikaona pindo la kanga likimezwa na kona.
Mimi nikafuata ufuo.

Upande wa wanawake nilisali mbili za mama.
Kisha nikakaa, kwani sikujua mtu akimaliza deni la mwingine
huifanya nini mikono yake.
Nje niliisuuza chupa, nikaijaza maji,
nikaiacha juu ya ukingo wa birika
kwa atakayepita na kiu.
Nikaenda hatua ishirini. Nikageuka. Ingalipo.

Nikampigia Bwanadi.
Umefika?
Tumefika.
Wewe na nani? akauliza,
na salio likakatika.