Nembo

Chilumba alinijia Newala msimu wa korosho,
stakabadhi mfukoni, picha ya pasipoti mkononi:
"Mchore mama. Ila nembo za mashavuni zifute,
wajukuu wanasoma Dar."

Miaka thelathini nimelipwa kunyoosha pua,
kuongeza meno, kumvisha suti asiyekuwa nayo.
Nikakoroga kahawia, nikalainisha.
Nikabaki na mwanamke nisiyemjua;
hata macho yalikuwa yamehama.

Usiku nikarudi na brashi ya unywele mmoja,
nikachanja upya: mstari, pembe, mstari,
taratibu,
kama mpundi aliyemchanja usichanani.

Chilumba akaja na nusu ya pesa.
Akasimama. Akavua kofia.
"Shikamoo," akaiambia turubai.

Nusu ya pili sijaidai.