Kilo Tatu za Chumvi

Alishuka ngazi na mizani ya jikoni kwapani,
ile ya kupimia unga wa keki, rangi ya chungwa,
maana mizani ya serikali, alisema,
imeshazoea kusema wanachotaka wenyeji wake.
Nje, Konstanta ilikuwa na theluji ya siku tatu
na upepo wa Bahari Nyeusi uligonga dirisha la ghala
kama mdai.

Mimi, Sajini Iordache, mtunza vielelezo,
miaka kumi na tisa chini ya ardhi ya kituo,
nilimkaribisha kiti. Hakukaa.
Ilinca Vornicu, mwendesha mashtaka,
rika la binti yangu,
buti moja kamba nyeusi, nyingine kahawia.
"Kielelezo mia mbili kumi na mbili," alisema.
"Daftari lako linasema kilo arobaini na moja."

Daftari halikosei. Mwandiko ni wangu.
Ila kilo tatu zilitoka Jumanne moja ya Novemba
ndani ya begi la mazoezi la Kamishna Paslaru,
na mahali pake ikaja chumvi,
chumvi ya mawe, ya kumwaga barabarani magari yasiteleze.
Hata hawakuinunua. Waliizoa kwenye pipa la manispaa.

Penye udhia, penyeza rupia, husema wajuzi.
Bandarini kwetu udhia haukuwapo.
Tuliuunda wenyewe, tukaupaka rangi, tukauwekea lango,
ili rupia zipate pa kupenya.
Fungu langu lilikuwa dogo, wala sikuomba.
Lilikuja likiwa bahasha,
likageuka boila mpya ukutani,
na Zamfira akaacha kulala na koti.
Niulize nilijisikiaje.
Nilijisikia joto.

Alipima pakiti moja moja, hana haraka,
akiandika kwa penseli aliyoitafuna kichwa.
Ya thelathini na tisa aliitoboa kwa pini ya nywele,
akagusa kwa ncha ya ulimi, akanitazama.
"Hii," alisema, "naweza kuitia kwenye supu."
Sikucheka. Nilitaka sana kucheka.

Machi, mahakamani,
Paslaru alikuja na nishani zake zote;
akikohoa, kifua kinalia kama droo ya vijiko.
Wakili wake akainua ile mizani juu, watu waione:
"Mheshimiwa Jaji, tunahukumiana kwa vyombo vya keki?"
Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji naye, kidogo.
Ilinca hakuinua uso.
Alikuwa anachonga penseli.

Kisha nikaitwa mimi.
Uongo wangu nilikuwa nimeupiga pasi usiku, pamoja na sare,
umekaa vizuri mabegani, hauna kunyanzi.
Nilijua atauliza tarehe. Nilijua atauliza funguo.
Akauliza:
"Sajini, nyumbani kwako kuna joto?"

Wakili akaruka kupinga. Jaji akauliza swali linahusu nini.
Hakujibu. Alinisubiri mimi,
kama mtu anayesubiri sindano ya mizani itulie.

"Kuna joto," nikasema.
Nikamwona Zamfira benchi la nyuma, bila koti.
"Kuna joto sana, Mheshimiwa. Kupita mshahara wangu."

Baada ya hapo sikunyamaza hadi saa ya chakula.

Msidhani jua lilichomoza.
Paslaru alipewa miaka miwili,
anaitumikia nyumbani kwake kwa sababu ya mgongo.
Ilinca wamempandisha cheo, wamempeleka milimani,
wilaya ambayo kesi kubwa ni mbuzi.
Mimi sare wamechukua, na pensheni, na kiti.
Mizani ya chungwa imebaki ghalani,
namba mia mbili kumi na tatu,
mstari wa mwisho kuandikwa kwa mkono wangu.

Boila bado inafanya kazi.
Usiku naisikia ikiwaka yenyewe, tup,
maji yanaanza kutembea ukutani.
Zamfira hageuki, amelala.
Nahesabu, napima, napima tena.
Hili sijui niliandike daftari gani.