Mbarika

Baba alichanganya mpira Rusayl miaka ishirini na sita.
Mafuta yale meusi, mazito kama deni,
yalimwingia kwenye mistari ya viganja,
na Idi Mosi, kanzu nyeupe, udi kwenye ndevu,
aliwapa watu mkono huku amekunja vidole.

Hakuna aliyemwambia mna nini ndani yake.
Pipa lilikuwa na namba, halikuwa na jina.

Mimi nina koti la maabara na mizani.
Nilipoomba mbarika, Varghese msimamizi akacheka:
"Salhiya, hiki kiwanda au duka la dawa?"

Donge la kwanza lilinata kama ubani uliotafunwa.
La pili likakatika tulipolivuta.
La tatu nikapunguza mafuta, nikapima salfa upya,
nikasoma Yasini kimoyomoyo:
likavutika, likarudi, likanyamaza.

"Bei," akasema Varghese.
Bado tunabishana juu ya bei.

Lakini leo mtambo umekunywa mafuta ya mbegu,
na kijana anayeulisha
amenawa kwa sabuni, mara moja tu,
maji yakatoka na rangi ya maji.
Akaitazama mikono yake kama ya kuazima.

Nimerudi Sib jua likingali kali,
harufu imeng'ang'ania kwenye mkono wa buibui.
Baba, ambaye macho yake siku hizi yanamdanganya,
akainua pua, akarudi nyuma ya mto
kama mtoto anayekimbizwa na kijiko:

"Nani humu tumbo linamuuma?"